Mashimo Yana Walinzi, Madarasa Hayana



Atokaye Dilolo kwenda Kolwezi, kwa gari-moshi au kwa barabara, husafiri zaidi ya kilomita 400. Hupita Kasaji, hupita Mutshatsha, na njiani huona shule nyingi: nyingine za matofali ya kuchoma zilizojengwa tangu enzi za wamisionari, nyingine za udongo na nyasi, nyingi kati yake zikiwa wazi pande zote nne, mbuzi wakilisha uani na wapita njia wakikatiza kati ya madarasa. Akikaribia Kolwezi, sura ya nchi hubadilika. Hapo huanza kuta, nyaya za miba, taa ziwakazo usiku kucha, vizuizi barabarani, walinzi wa makampuni wenye sare na redio za mkononi, na nyuma yao polisi wa migodi wenye bunduki. Jiwe lenye shaba lina mlinzi wake mchana na usiku. Mtoto wa Lualaba hana.

Tusiambiwe kwamba tunalinganisha visivyolingana. Shimo na darasa viko katika jimbo moja, chini ya serikali moja, na pato la kimoja ndilo lingelipa ulinzi wa kingine. Tunaandika kwa sababu swali hili limekuwa likizungukwa kwa adabu nyingi mno. Tunasema waziwazi: usalama wa mwanafunzi shuleni, pamoja na afya ya akili yake, ni deni la serikali. Si zawadi ya mgombea wakati wa kampeni, si hisani ya kampuni, wala si mchango mwingine wa kumtwisha mzazi ambaye tayari ameuza mihogo yake ili alipe minervali ya sekondari.

Tuanze na sheria, kwa kuwa wengi hudhani jambo hili ni la huruma tu. Katiba ya 18 Februari 2006, katika ibara ya 43, inasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za umma. Ibara ya 204 inaiweka elimu ya chekechea, ya msingi na ya sekondari katika madaraka ya jimbo, kwa kufuata kanuni za serikali kuu. Kwa hiyo Kolwezi haiwezi kutujibu, "Ulizeni Kinshasa," wala Kinshasa haiwezi kutujibu, "Ulizeni Kolwezi," ingawa kurushiana mpira huko tumekuzoea kiasi kwamba wengine hudhani ndiko kuliko andikwa katika Katiba. Sheria ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto imekuwapo kwa muda mrefu kuliko umri wa wengi wenu mlio sekondari. Na mwaka 2016 nchi yetu ililiunga mkono Azimio la Shule Salama, lililozinduliwa Oslo mwaka uliotangulia, ambalo linazitaka serikali kuzilinda shule wakati wa vita na kutozigeuza kambi za askari. Sahihi zetu ni nyingi. Wino haujatupungukia kamwe.

Na shule zetu za Kikatoliki je? Hapa pana kutoelewana kunakofaa kuondolewa. Mwishoni mwa mwaka 1974 utawala wa Mobutu ulizitwaa shule za makanisa. Tarehe 26 Februari 1977 ulitia sahihi mkataba wa kuyarudishia makanisa usimamizi wa shule hizo. Usimamizi, tunarudia. Shule hizo zilibaki shule za umma, na walimu wake ni watumishi wa serikali, hata kama juu ya lango limeandikwa jina la mtakatifu na mkuu wake ni padri au sista. Kwa hiyo anayesema, "Hiyo ni shule ya mapadri, walindwe na mapadri," hajui mkataba, au anaujua na anautumia ujinga wa wasikilizaji wake. Lakini upanga huu hukata pande mbili: msimamizi wa shule za Kanisa ambaye kila mwaka hupeleka hesabu za walimu na madawati, na haandiki hata mstari mmoja juu ya uzio, mlinzi au mshauri wa wanafunzi, naye ana la kujibu mbele ya wazazi.

Siku kumi tu baada ya sahihi ile, tarehe 8 Machi 1977, wapiganaji wa FNLC walivuka kutoka Angola. Kabla ya mwezi kwisha Dilolo, Kisenge na Mutshatsha vilikuwa mikononi mwao. Na mwaka uliofuata, mwezi Mei, ilikuwa zamu ya Kolwezi. Wapo kati ya babu na bibi zetu waliokuwa wanafunzi siku hizo. Waulizeni. Mtasikia mengi juu ya kukimbilia porini na juu ya milio ya bunduki. Kisha waulizeni kama walipata mtu wa kuwaketisha, vita vilipokwisha, na kuwauliza wanalalaje usiku. Tunataja habari hiyo kwa sababu eneo letu si eneo lisilojua hofu. Ni eneo la mpaka, lenye kumbukumbu ya vita, lenye watu wa kuja na kuondoka, na ambalo halijapata kuwawekea watoto wake mahali pa kuitua hofu hiyo.

Sasa fedha. Hapa ndipo wakubwa hupenda kutunyamazisha kwa maneno manne: serikali haina pesa kamwe. Basi na tuhesabu pamoja, kwa kuwa hesabu hii haihitaji zaidi ya darasa la sita. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inatoza mrabaha wa asilimia 3.5 kwa shaba. Na tangu mwisho wa mwaka huo kobalti, iliyotangazwa kuwa madini ya kimkakati, inatozwa asilimia 10. Kila mrabaha hugawanywa hivi: nusu kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti ya thamani ya dola milioni 1 inapouzwa, mrabaha wake ni dola 100,000, na humo jimbo linapata dola 25,000. Kwa shaba ya thamani hiyohiyo, jimbo linapata dola 8,750. Hiyo ni milioni moja tu. Nchi yetu hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ichimbwayo duniani, na sehemu kubwa yake hutoka katika ardhi ya Lualaba: Kamoto, Mutanda, Tenke Fungurume. Endeleeni wenyewe na hesabu hiyo, kisha mtuambie kama mshahara wa mlinzi wa usiku wa shule ya kijiji ni mzigo usiobebeka.

Lakini kwa sisi wa upande wa Dilolo kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Ile asilimia 15 hubaki pale penye mgodi. Vivyo hivyo ile asilimia 0.3 ya mauzo ambayo kampuni hutenga kwa maendeleo ya jamii huwaendea wale walio jirani na machimbo. Sheria hiyo ina haki yake, kwa kuwa anayemeza vumbi ndiye anayestahili kuanza kufidiwa. Walakini Dilolo haina migodi mikubwa kama ile ya Kolwezi na Lubudi. Manganizi ya Kisenge ilipoteza njia yake ya baharini vita vya Angola vilipoifunga reli ya Benguela mwaka 1975. Sandoa na Kapanga nazo ni nchi za wakulima kuliko nchi za wachimbaji. Kwa hiyo wilaya tatu kati ya tano za jimbo letu zinaweza kuutazama utajiri wa shaba ukigawanywa, na zisiuonje, ila kwa mlango mmoja tu: ile robo ya jimbo. Jimbo likiitumia robo hiyo mjini Kolwezi peke yake, kwa barabara za lami, taa za njia panda na majengo ya ofisi, basi mtoto wa Dilolo ni raia wa Lualaba katika ramani tu.

Kuhusu ule mfuko wa vizazi vijavyo, tunasema kwa heshima yote kwamba vizazi hivyo vimekwisha kuzaliwa. Viko darasa la nne, vimekaa sakafuni.

Tena siku zinakuja ambapo ulinzi utahitajika zaidi. Reli ileile iliyofungwa mwaka 1975 sasa inafufuliwa kwa jina la Ukanda wa Lobito. Marekani iliahidi mkopo wa zaidi ya dola milioni 550 kwa upande wa Angola, na Desemba 2024 rais wake wa wakati huo, Joe Biden, alifika mpaka Angola kwa ajili ya mradi huo. Shaba itapita mlangoni petu kwa wingi, na pamoja na shaba watapita madereva, wanunuzi, vibarua wasio na familia, na fedha za haraka. Hatuwachukii wageni, Dilolo imeishi kwa mpaka wake. Lakini msichana wa miaka kumi na minne atembeaye kilomita kadhaa kwenda shule isiyo na uzio, katika mji wa stesheni, ndiye atakayelipa kwanza gharama ya maendeleo hayo ikiwa hakuna aliyemfikiria wakati mikataba inaandikwa. Tumesikia mengi juu ya injini, mabehewa na tani. Tungependa kusikia neno moja juu yake.

Usalama wenyewe ni nini? Hapa tunatofautiana hata na baadhi ya rafiki zetu. Wapo wasemao: wekeni polisi wenye silaha kwenye kila lango. Sisi hatutaki bunduki shuleni. Askari asiyelipwa kwa wakati, aliyepewa bunduki na kuwekwa kati ya wasichana mia tatu, ni hatari mpya iliyovaa sare. Tunachotaka ni vitu vya kawaida, vya kuchosha hata kuvitaja: uzio, hata wa michongoma; lango lenye mlinzi anayelipwa na anayejulikana kwa jina; daftari la wageni; choo cha wasichana chenye mlango unaofungwa kwa ndani; bweni lenye milango miwili inayofunguka kwa nje; taa uani. Waziri hatakuja kukata utepe wa kitasa cha choo, na huenda ndiyo sababu vitasa hivyo havinunuliwi.

Majirani zetu wamelipa kwa damu ili tujifunze bure. Tarehe 18 Juni 1994, moto katika bweni la shule ya wasichana ya Shauritanga, karibu na Moshi nchini Tanzania, uliwaua wasichana zaidi ya 40. Usiku wa kuamkia 26 Machi 2001, huko Kyanguli, Machakos, nchini Kenya, wavulana 67 waliteketea bwenini. Madirisha yalikuwa na nondo, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Fikirini juu ya nondo zile. Ziliwekwa kwa jina la usalama. Yule aliyeziweka aliogopa mwizi wa nje na wanafunzi watoro, na ulinzi wake ukageuka tanuru. Septemba 2024 watoto 21 walikufa kwa moto wa bweni katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Katikati ya misiba hiyo zipo tume, miongozo, na vitabu vya kanuni. Kenya ilichapa mwongozo wake wa usalama wa shule mwaka 2008, nao ni mzuri. Kinachokosekana daima ni bajeti ya kuutekeleza na mkaguzi wa kuja bila kutangaza.

Msiba wa Kyanguli unatufundisha jambo la pili, nalo ndilo kiungo cha maneno yetu yote. Moto ule haukuletwa na jambazi kutoka mbali. Waliofikishwa mahakamani walikuwa wanafunzi wa shule ileile, na nyuma yake kulikuwa na hasira iliyotokota: matokeo ya mitihani yaliyofutwa, malalamiko juu ya uongozi. Hatusemi hayo ili kumpunguzia mtu hatia. Tunasema kwamba shule ambayo haina mtu wa kusikiliza hasira ya vijana ikiwa bado ni maneno, itakutana nayo ikiwa imekwisha kuwa moto. Anayetenganisha usalama wa shule na afya ya akili ya wanafunzi, akaweka moja katika wizara hii na nyingine katika wizara ile, hajaelewa lolote kati ya hayo mawili.

Ipo na habari nyingine, ambayo ni vigumu kuisimulia katika ukurasa huu. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya sekondari ya mchanganyiko ya St. Kizito, huko Meru nchini Kenya, wavulana walilivamia bweni la wasichana wa shule yao wenyewe. Wasichana 19 walikufa, na 71 walibakwa. Ninyi wa kundi la Kizito-Anuarite mnajua jina hilo mnavyoliimba kila Jumapili. Jina la mtakatifu juu ya lango halikuwalinda wasichana wale, kwa sababu hatari ilikuwa ndani ya lango.

Na kwetu? Kwetu tunajua, na kila mwanafunzi wa sekondari anajua, zile alama zinazodaiwa kwa njia ya mwili. Lugha ya mitaani imekwisha kuzipa jina la mzaha, na mzaha huo ndio umetuzoesha. Mwalimu amwitaye msichana nyumbani kwake jioni "kurekebisha pointi" hapiti ukuta. Yeye ana ufunguo. Sheria za 20 Julai 2006 juu ya ukatili wa kingono zipo, na adhabu zake ni kali. Lakini msichana huyo ashitaki kwa nani? Kwa prefe ambaye ni rafiki wa mwalimu? Kwa polisi ambaye ataomba kwanza pesa za karatasi? Kwa hiyo tunapodai fedha za usalama wa shule, sehemu ya kwanza ya fedha hizo tunaitaka iende kwa mtu mmoja wa kupokea mashitaka, asiye chini ya prefe, anayelipwa na jimbo, na ambaye mwanafunzi anaweza kumfikia bila kupita ofisi yoyote ya shule.

Tazameni tena muundo wa shule zetu kubwa. Kuna prefe wa masomo. Kuna direkta wa masomo. Kuna direkta wa nidhamu, ambaye kazi yake yote ni kujua nani amechelewa, nani amevaa vibaya, nani amejibu kwa kiburi. Serikali imeona inafaa kumlipa mtu wa kuwaadhibu vijana, na hatusemi kwamba nidhamu haina maana. Lakini hatujui shule nyingi zenye mtu anayelipwa ili aulize kwa nini kijana yule anachelewa. Labda hachelewi kwa uvivu. Labda ametoka shimoni alfajiri.

Neno hilo si la kutunga. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa nchi yetu, wengi wao wakiokota, wakiosha na wakibeba kobalti. Wengine waliingia chini ya ardhi. Wengine waliona wenzao wakifukiwa: Juni 2019, katika machimbo ya Kamoto, udongo ulianguka na kuwaua wachimbaji zaidi ya 40, na kila mmoja wao alikuwa kaka, mjomba au baba wa mtu. Masista wa Mchungaji Mwema, waliofika Kolwezi mwaka 2012, wamewatoa watoto wengi machimboni na kuwarudisha darasani, nao wanajua, kuliko ofisi yoyote, kwamba mtoto aliyetoka shimoni haponi kwa kupewa daftari na kalamu. Hulala darasani. Hupigana kwa neno dogo. Hukaa kimya mwezi mzima. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi kupita kiasi tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019, na ambaye pengine ni "NU", yaani bado hajaingizwa katika orodha ya mishahara, amfanyeje? Humfukuza. Naye mtoto anaijua njia ya kurudi alikotoka.

Tunawasikia wanaocheka: afya ya akili ni magonjwa ya Wazungu, Mwafrika hana nafasi ya kuhuzunika. Wanaosema hivyo wamesahau kwao. Nani kati ya Watshokwe, Walunda na Waluvale hajui mukanda? Mvulana alipotengwa na mama yake ili avuke kutoka utotoni, hakuachwa peke yake na hofu yake. Alikuwa na chilombola, mlezi aliyewekwa kwa ajili yake, wa kumwangalia kidonda, kumlisha, kumtuliza usiku, na kuwajibika mbele ya wazazi ikiwa jambo lolote lingempata. Wazee wetu hawakuwa na neno "saikolojia", lakini walijua kwamba kijana anayevuka anahitaji mtu mzima anayejulikana kwa jina, na kwamba mtu huyo lazima atolewe kazi nyingine ili aifanye hiyo. Shule ilichukua nafasi ya mukanda kwa miezi kumi ya kila mwaka. Ilichukua watoto, ikamwacha chilombola nje.

Wengine hutukinza kwa upande wa imani. Husema: kijana aliyechanganyikiwa apelekwe kwenye sala. Sisi ni watu wa sala, na hatutaitupa ili tuonekane wa kisasa. Lakini tumeona vyumba vya maombi ambamo kijana mwenye huzuni nzito hufungiwa njaa siku tatu, huambiwa ana mapepo, au huitwa mchawi mbele ya wadogo zake. Sheria ya 2009 inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na inaadhibu. Imani ya Kikatoliki haijapata kufundisha kwamba kumwendea daktari ni kumkana Mungu. Mabruda wa Upendo, ambao ni watawa, ndio wanaoendesha hospitali ya magonjwa ya akili ya Joseph Guislain mjini Lubumbashi. Wao husali, na wana dawa, na wana wauguzi. Ila Lubumbashi iko mbali. Mama wa Dilolo ambaye mwanawe ameacha kula na kusema baada ya kushindwa Mtihani wa Serikali, atafika huko kwa nauli gani? Ndiyo maana tunadai muuguzi aliyefunzwa mambo ya akili katika hospitali kuu ya kila wilaya, na mshauri mmoja anayezunguka kati ya shule chache zilizo jirani, kwa baiskeli ikiwa hakuna pikipiki. Hatuombi madaktari bingwa mia. Tunaomba mtu wa kwanza wa kusikiliza na njia ya kufika kwa wa pili.

Wasalesiani walipofika Katanga mwaka 1911 walikuja na mtindo wa Don Bosco wa kulea kwa kuzuia: mlezi awe uwanjani pamoja na vijana, awajue kabla hawajaanguka, wala asiwasubiri kwa fimbo baada ya kuanguka. Maelfu ya vijana wa Lubumbashi na kwingineko wamelelewa hivyo. Serikali imependa sana matokeo ya malezi hayo, maana maofisa wake wengi wametoka humo. Imekuwa nzito kugharamia sababu yake.

Sasa, vijana, mfanye nini? Hatuwaiti barabarani kuchoma matairi. Kila shule ina kamati ya wazazi, COPA, na kamati ya uendeshaji, COGES, ambamo wanafunzi nao wana haki ya kuwakilishwa. Katika shule nyingi mwakilishi huyo huitwa ili atie sahihi karatasi zilizokwisha kuandikwa. Mwaka huu asitie sahihi kabla ya kuuliza kwa maandishi: katika fedha za uendeshaji zilizopokelewa, kiasi gani kimekwenda kwenye uzio, lango, vyoo na ulinzi? Kama jibu ni sifuri, liandikwe sifuri, kwa tarakimu, na nakala ibandikwe ukutani na nyingine ipelekwe kwa ofisi ya shule za Kikatoliki ya diosezi. Makundi ya Xaveri na Skauti yanaweza, kwa Jumamosi mbili tu, kuzungukia shule zote za parokia na kuandika zipi zina uzio, zipi zina mlinzi, bweni lipi lina mlango mmoja tu. Takwimu hizo hazihitaji mradi wala mfadhili. Zinahitaji daftari na miguu.

Na karatasi hizo ziende Kolwezi. Bunge la jimbo hujadili bajeti katika kikao kinachoanza mwezi Septemba. Wabunge waliochaguliwa kwa kura za Dilolo wanajulikana. Walipokuja kuomba kura walilala katika nyumba zetu na kula bukari yetu. Waulizwe, kwa majina, kabla ya kikao hicho: je, wako tayari kuleta muswada wa sheria ya jimbo utakaotenga sehemu iliyotajwa kwa tarakimu ya ile asilimia 25, kwa ajili ya usalama wa shule na washauri wa wanafunzi katika wilaya zote tano, na hesabu yake kuchapishwa kila mwaka? Ndiyo au hapana. Atakayejibu kwamba atalitafakari, aandikwe katika safu ya hapana. Orodha hiyo isomwe katika mikutano ya jumuiya, wilaya kwa wilaya, bila matusi na bila nyongeza, kuanzia jumuiya ya Dilolo stesheni.